Kafa Kipindi cha Tisa

Nilikuwa nachambua maharage sebuleni, Fundi Viatu akachungulia dirishani bila hodi.

"Mama Staa, pole. Binti yako kauawa."

Sinia likaniponyoka.

"Kwenye tamthilia," akamalizia, maharage yakiwa yameshasambaa sakafu nzima.

Benchi la kahawa limeegemea ukuta wangu, mkabala na luninga ya Kinyozi. Halisemwi neno pale nisilolisikia, nipende nisipende. Nikapiga magoti, nikaanza kuokota.

— Kasukumwa ngazini! Fundi Viatu akawarudia wenzake. Kipindi cha tisa tu, jamani!

— Wivu huo, alisema Kinyozi. Yule mwigizaji mkuu kaona anafunikwa.

— Wahenga walisema, akadakia Profesa, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kainama ngazini, yakamkuta.

— Profesa, methali hiyo umeivalisha kiatu cha mwenzie, alisema Fundi Viatu.

— Basi hajafa, alisema Profesa. Maiti mmeiona? Atarudi kama pacha wake, tajiri, awafukuze wote.

— Wapi! Mtunzi ndiye mbaya, alisema Kinyozi. Alitoswa na msichana anayefanana na huyu binti. Kila akimwona, anashika kalamu anaua.

Wakacheka. Mpangaji mpya, fundi umeme, alikuwa hajatia neno.

— Samahani, wakubwa. Niliwahi kufunga taa kwenye tamthilia hiyo. Mnachokiona leo kilirekodiwa miezi miwili nyuma.

— Ndiyo, kwa hiyo? aliuliza Kinyozi.

— Huyu dada napishana naye kila alfajiri, ananiambia anawahi kurekodi. Kama ameshakufa, huwa anakwenda wapi?

Fundi Viatu akakohoa. Profesa, mwenye methali ya kila jambo, akainamia kikombe chake. Nami huku ndani mkono ulikuwa umesimama. Miezi miwili namwamsha saa kumi na moja, nampigia pasi gauni, namwambia, "Nenda kawaoneshe."

Binti yangu alirudi jua likizama, viatu vyeupe kwa vumbi.

"Leo mmerekodi nini?" mdogo wake akamuuliza.

"Mambo mengi."

Nikapakua. Baba yao, mdogo, yeye, mimi. Wanne, wote tupo. Nikamsogezea sahani yake.

"Kesho lala," nikamwambia. "Sikuamshi."

Alishika kijiko, hakukiinua.

"Kwani kuna nini?" baba yao akauliza.

"Kuleni," nikasema, "kinapoa."