Agatha Limi Mageni, Aliyeukataa Mpira Wake Mwenyewe

Ndugu waombolezaji, aliyelala mbele yetu ni Agatha Limi Mageni, aliyezaliwa tarehe 14 Agosti 1986 hapa Ushirombo, wakati huo ikiwa bado Mkoa wa Shinyanga, mtoto wa tatu wa Mzee Tarsisi Mageni, mshona katambuga, vile viatu vya matairi, mnayemfahamu, na Mama Lusia.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini hadi mwaka 2000, sekondari Shinyanga mjini hadi 2007, kisha chuo kikuu Dar es Salaam, alikohitimu uhandisi mwaka 2011, na tusimpambe kwa kuwa amekufa, alikuwa mbishi tangu utotoni, ukimwambia mbuzi ni mweupe atakwenda kumwosha kwanza. Tarehe 22 Juni 2013 alifunga ndoa na Evance Mayala, wakajaliwa Goodness na Makoye, ambao wamekua wakila maharage yaliyoungua kwa sababu mama yao alikuwa kwenye kompyuta.

Kazi yake, akiwa mwalimu wa chuo Shinyanga, ilikuwa kukokotoa jinsi mpira wa aina mpya utakavyovutika na kukatika, mpira ambao nyuzi zake ndogo zimefungana kama wavu, lakini mafundo yake hufunguka kwa moto na kujifunga upya, hivyo ukichakaa unayeyushwa na kutumika tena, tofauti na tairi ambalo likiisha limeisha. Mwaka 2021 hesabu zake zilionyesha kwamba una nguvu za kutosha, na wachimbaji wadogo wa upande wa Bulyanhulu wakatengenezewa mikanda ya kushushia watu kwenye maduara, yale mashimo yao ya dhahabu.

Mzee Tarsisi, ambaye haamini mpira wowote kabla haujabeba jiwe siku saba, alitundika kipande chake jikoni, na siku ya saba kilikuwa kimerefuka shibiri nzima, ndipo Limi alipotambua kwamba kwenye kompyuta alikuwa ameuvuta mpira kwa haraka tu, hakuwahi kuuachia mzigo ukae, na kwamba mafundo yale hulegea polepole hata kwa uzito. Angeweza kunyamaza, maana alikwisha kusifiwa, lakini tarehe 3 Mei 2022 alipanda bodaboda hadi machimboni, akawaambia kwamba amekosea, wakamtukana wakidai amehongwa na wauza kamba, naye akaketi kwenye mdomo wa duara siku mbili, akimzuia kila aliyetaka kushuka, hadi mikanda yote ikafunguliwa.

Oktoba 2023 aligundulika kuwa na saratani, akaendelea kukokotoa upya akiwa kitandani, na alifariki tarehe 11 Februari 2025, akiwa na miaka 38, hesabu zikiwa hazijaisha, jambo lililomuuma kuliko ugonjwa wenyewe, na sisi linatuuma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kulala nasi, walimu wenzake waliochukua madaftari yake ili wamalizie, na kwa namna ya pekee wachimbaji arobaini waliofika jana asubuhi kwa pikipiki, wakamkataza mwanakijiji yeyote kushika jembe, wakachimba kaburi hili wenyewe, wakishuka kwa zamu mmoja mmoja, wote wakiwa wazima.

Pumzika kwa amani, Limi.