Saa Inayorudi Nyuma

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, kwenye kona, chini ya dirisha la Mzee Mita. Tunamwita hivyo kwa sababu alisoma mita za maji nyumba kwa nyumba miaka thelathini na moja, na hadi leo akikusalimu anakukagua kama anayetafuta namba kifuani mwako. Mbele ya ubao, hatua nne tu, limeegeshwa gari lake la kijivu. Gari hilo halijui safari za starehe. Jumatatu na Alhamisi alfajiri linampeleka mkewe, Shangazi yetu sote, hospitali kusafishwa damu kwa mashine, maana figo zake zimegoma. Siku zilizobaki linasimama pale pale, na sisi tunaweka vikombe juu ya boneti. Juzi Jumatatu halikuwaka. Tulilisukuma hadi kona ya pili, wanaume wazima tunahema, ndipo Mzee akatukumbusha kwa upole kwamba gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa. Teksi ilipopatikana, nafasi ya Shangazi kwenye mashine ilikuwa imeshapewa mgonjwa mwingine, akaambiwa arudi Alhamisi. Leo ni Jumatano. Shangazi amevimba miguu hadi magotini, hawezi kulala chali, anasinzia ameketi kitini. Na sisi tunakunywa kahawa na kutafuta mchawi.

Tuko wanne. Profesa ni kinyozi, husoma magazeti ya wateja kabla wateja hawajayasoma. Kamanda alikuwa mlinzi wa ghala mpaka ghala lenyewe likafungwa. Bondia ni fundi viatu, hajapigana hata na paka. Jina alipewa kwa sababu ya pua. Mimi natengeneza saa, kwa hiyo wananiita Majira. Muuza kahawa simhesabu. Yeye hana maoni, ana birika.

Profesa: Betri feki ile. Mimi nilisema tangu mwanzo.

Kamanda: Ulisema lini?

Profesa: Nilisema moyoni.

Bondia: Moyo wako wewe haujawahi kukaa kimya hata siku moja. Tungesikia.

Profesa: Betri za siku hizi ni plastiki na maji. Na wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki.

Bondia: Sasa nani kamwaga maji?

Profesa: Methali haiulizwi maswali, Bondia. Inapokelewa.

Mimi: Lakini fundi umeme wa magari aliipima jana. Kasema betri ni nzima, ilikuwa na njaa tu. Kaijaza, kairudisha, gari likawaka mara moja.

Kamanda: Basi! Betri nzima, halafu ina njaa. Maana yake kuna mtu anaila.

Hapo Kamanda akasogea mbele, akashusha sauti. Kamanda akishusha sauti, jua ametunga.

Kamanda: Nimemwona.

Bondia: Nani?

Kamanda: Mwizi. Sikutaka kusema mapema. Nimemwona mara mbili nikiwa dirishani kwangu. Kajitanda shuka, ndala mguuni, anafungua mlango wa gari polepole, anainama kwenye dashibodi, anachomoa kitu, anafunga. Dakika moja, kazi imekwisha.

Profesa: Na wewe ukafanya nini?

Kamanda: Nikakusanya ushahidi.

Bondia: Ulirudi kulala.

Kamanda: Mlinzi mzuri hapigi kelele ovyo. Mtu mzima hatishiwi nyau.

Bondia: Kwa hiyo wewe ndiye mtu mzima, na mwizi ndiye nyau?

Kamanda: Wewe shona viatu.

Profesa: Mwizi gani anaiba umeme akaacha redio? Akaacha matairi?

Kamanda: Mwizi wa kisasa. Ana kifaa anakichomeka, kinanyonya, anaenda kuuza.

Bondia: Mimi naona mnazunguka mbuyu. Tazameni upande wa pili wa barabara. Yule dobi amehamia lini?

Mimi: Mwezi wa tatu sasa.

Bondia: Na pasi yake si ya umeme? Anapiga pasi mchana kutwa, hata umeme ukikatika mtaa mzima yeye bado anapiga pasi. Anautoa wapi?

Mimi: Umeme ukikatika anatumia pasi ya mkaa, Bondia. Moshi tunauona.

Bondia: Moshi wa kuzugia! Kikulacho ki nguoni mwako, au mmesahau? Na nguo zetu zote ziko kwa nani?

Nakiri, ilisikika kama hoja. Dobi wa watu alikuwa mlangoni kwake anakunja mashuka, akatuinulia mkono kutusalimu. Hakuna aliyemwitikia.

Ili kuwatoa kwa dobi, nikainuka kwenda kuchungulia zawadi yetu.

Hii zawadi lazima niielezee. Miezi miwili iliyopita tulijichanga, sisi wanne, kumnunulia Shangazi kitu. Akitoka kwenye mashine hutapika njiani, na gari lilikuwa limeanza kunuka dawa na matapishi, naye akawa anaona haya kupanda. Na gari lile limetubeba sote. Limempeleka binti wa Bondia kujifungua. Limempeleka Kamanda hospitali siku ngiri ilipombana akilia kama mtoto. Mama yangu alipofariki, ndani ya gari lile ndimo nilimokaa nikifuata jeneza. Basi nikatumwa mimi dukani, nikachagua kifaa cha marashi. Unakichomeka kwenye lile tundu la kuwashia sigara, kina feni ndogo inayopuliza harufu ya maua, taa ya bluu, na kidirisha chenye namba. Mzee Mita alikipokea kwa mikono miwili. Machozi yalimlenga. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kikombe cha kwanza, mmoja wetu huchungulia kioo kuona kama taa inawaka, na ikiwa inawaka tunajisikia watu.

Namba zile ni za saa. Mimi ndiye niliyesema ni za saa, na mimi ndiye fundi saa, nani angenibishia? Ila ilikuwa saa ya ajabu. Gari likitoka hospitali inasoma kumi na mbili nukta sita. Kesho yake kumi na mbili nukta nne. Kesho kutwa, nukta moja. Jumapili jioni ilisoma kumi na moja nukta nane. Nilipowaambia kwamba ni saa mbovu inayorudi nyuma, walicheka, na Mzee Mita aliyekuwa amesimama mlangoni akacheka pia.

Bondia: Inasemaje leo?

Mimi: Kumi na mbili nukta tatu. Jana fundi alipoondoka ilikuwa nukta sita.

Profesa: Inarudi nyuma tena! Ile saa inasoma majira ya nchi ilikotengenezwa. Huko siku zinakwenda kinyume.

Kamanda: Hakuna nchi hiyo.

Profesa: Umefika wapi wewe zaidi ya ghala? Haya, tuache saa. Nitawaambia kinachomaliza betri, lakini msinikatize. Shangazi anafungwa kwenye mashine kwa muda gani?

Mimi: Saa nne kila mara.

Profesa: Saa nne damu yake yote inapita kwenye umeme. Yote. Inatoka, inazunguka kwenye mitambo, inarudi mwilini. Mtu huyo atatoka vile vile alivyoingia?

Bondia: Lahaula.

Profesa: Anatoka na sumaku. Akikaa kwenye kiti cha gari, betri inamfuata. Nimesoma.

Kamanda: Umesoma wapi?

Profesa: Gazetini. Ukurasa ulikuwa umechanika, lakini maana ilibaki.

Bondia: Kwa hiyo ni yeye mwenyewe?

Profesa: Simlaumu. Nasema tu, mchimba kisima huingia mwenyewe.

Kamanda: Hata mimi niliwahi kuona redio ikikwaruza akipita.

Bondia: Kweli bwana. Hata simu yangu, siku ile aliponipa mkono.

Ningeweza kusema kitu. Mwanamke yule amelala kitini ukuta mmoja kutoka kwetu, maji yanampanda kifuani, na wanaume aliowapikia uji walipoumwa wanamhukumu kwa sumaku. Nilijua ni upuuzi. Nikatikisa kichwa kidogo tu, kwa namna ambayo kila mtu angeweza kuielewa apendavyo, nikaomba kikombe cha pili.

Ndipo mlango wa Mzee Mita ukafunguliwa. Alitoka binti yao mkubwa, anayeshona mapazia mji wa mbali, aliyefika jana kwa basi baada ya kupigiwa simu. Alikuwa na ufunguo wa gari mkononi na macho ya mtu asiyelala.

Binti: Shikamooni, baba zangu.

Sisi: Marahaba, mwanetu. Mgonjwa anaendeleaje?

Binti: Yupo. Dirisha lilikuwa wazi, kawasikia. Kasema niwaambie hana sumaku. Alitaka kucheka, pumzi haikutosha.

Profesa akaanza kukohoa.

Kamanda: Tulikuwa tunatafuta sababu tu, mwanangu. Kuna mwizi. Mimi mwenyewe nimemwona usiku, kajitanda shuka...

Binti: Na ndala?

Kamanda: Na ndala! Umemwona na wewe?

Binti: Ni Baba.

Muuza kahawa aliacha kumimina.

Binti: Fundi umeme alimwambia tangu mwezi uliopita. Kile kifaa cha marashi kinakula betri. Tundu lile kwenye gari letu halizimiki hata ukitoa ufunguo, na gari likikaa siku tatu bila kuendeshwa, kinalimaliza. Fundi akamwambia akichomoe akitupe. Baba akasema hawezi, ni zawadi, na wenyewe huja kuitazama kila asubuhi. Basi ikawa usiku anatoka kukichomoa, alfajiri kabla hamjaja anakirudisha. Mwezi mzima. Jumapili usiku Mama alizidiwa, akasahau.

Bondia: Lakini... ile saa...

Binti: Saa gani?

Wote walinitazama mimi.

Mimi: Zile namba. Pale kwenye kidirisha.

Binti: Ile si saa, baba. Ni kipimo cha umeme uliobaki kwenye betri. Ikishuka chini ya kumi na mbili gari lina shida. Baba kaishi na mita maisha yake yote, alijua siku ya kwanza.

Alijua, na akacheka na sisi pale mlangoni. Nilijaribu kukumbuka kile kicheko chake, nikakumbuka kwamba hakikuwa na sauti. Miezi miwili nimechungulia kioo kile kila siku, nikasoma namba moja baada ya nyingine kwa sauti, fundi mzima, nikiwachekesha watu. Nikajiona mpumbavu, na zaidi ya upumbavu nikaona uchungu ambao sikujua nimpelekee nani.

Binti akafungua mlango wa gari. Harufu ya maua ikatufikia pale ubaoni. Aliinama, akakishika kile kifaa, lakini hakukivuta. Akageuka, mkono bado uko ndani.

Binti: Kesho ni zamu ya Mama. Akiikosa na ya kesho, daktari kasema tusimlaumu mtu. Nimebishana na Baba tangu jana. Kasema sawa, lakini nisikiguse kabla sijawauliza wenyewe. Kwa hiyo nawauliza. Nikichomoe?

Swali lenyewe mtoto wa chekechea angelijibu. Lakini anayesema ndiyo ndiye anayekiri kwamba Jumatatu tulitoa jasho kusukuma gari tulilolizima kwa mikono yetu, kwamba dobi hana kosa, kwamba mwizi ni mzee wa miaka sabini anayelinda furaha yetu kwa ndala. Kila mmoja alingoja mwenzake aseme kwanza. Profesa alikagua kucha zake. Kamanda alitazama barabara utadhani kuna msafara unakuja. Bondia alifunga upya kamba za viatu vyake. Mimi niliyekichagua, mimi niliyekibeba kutoka dukani kwa mbwembwe, niliinamia kikombe ambacho hakikuwa na kitu.

Feni ndogo iliendelea kuvuma. Binti alisubiri, akatutazama mmoja mmoja.

Juu yetu pazia likasogea. Kwanza tulimsikia Shangazi akivuta pumzi, ndefu, yenye maji ndani yake. Kisha sauti ya Mzee Mita, ya chini, sauti ya mtu anayeogopa kusumbua.

— Wamesemaje?