Fundi Pandashuka na Kuku Waliomkalisha Chini

Marehemu aliyelala mbele yetu, ambaye wengi wenu leo mnamwona ametulia kwa mara ya kwanza, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya treni, akiwa mtoto wa tatu wa mpaka rangi na mkunga. Mama yake alisimulia hadi uzeeni kwamba mtoto huyu hakutambaa hata siku moja. Alitoka kwenye kukaa akaingia kwenye kukimbia, na hata huko kukaa alikaa kwa shingo upande.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959. Dawati lake liliwekwa karibu na mlango kwa sababu walimu walichoka kumwona akiwaruka wenzake. Alipofika darasa la nne alipewa kazi ya kupiga kengele, ili angalau apate sababu halali ya kusimama, na inasemekana mwaka huo vipindi vilikuwa vifupi kuliko mwaka mwingine wowote. Pamoja na hayo alikuwa na kichwa chepesi. Alimaliza sekondari mwaka 1969, akaingia chuo cha ufundi na kupata cheti cha umeme mwaka 1972.

Januari 1973 aliajiriwa na kampuni iliyotunza lifti za majengo ya mjini, na huko ndiko alikopachikwa jina la Pandashuka, ambalo lilimganda hata wajukuu wakadhani ndilo la ubatizo. Kazi ilimfaa kuliko nguo ya kupimwa. Simu ikilia, yeye yuko mlangoni. Isipolia, yuko mlangoni vilevile, anauliza kwa nini hailii. Alistaafu kwa heshima mwezi Juni 2009.

Mke wake alikuwa opareta wa simu kwenye ghorofa ya sita ya jengo mojawapo. Siku moja mwaka 1977 lifti ilikwama naye ndani, na fundi akashuka juu ya paa la lifti ile akigongagonga kila chuma alichokiona.

“Dada, usiogope! Nakutoa sasa hivi!”

“Mimi siogopi,” dada akajibu kutoka chini. “Ila hayo makelele yako yananiumiza kichwa. Hebu kaa kwanza upumue, hakuna anayekufukuza.”

Mjane anashikilia mpaka leo kwamba fundi alikaa, na wakazungumza vizuri sana. Marehemu alishikilia kwamba alikuwa akisubiri fyuzi. Vyovyote iwavyo, walifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1978. Wakati wa kukata keki bwana harusi hakuonekana. Bibi harusi alimkuta nyuma ya ukumbi, koti begani, akikagua feni. Kuanzia siku hiyo mama alimwomba mumewe jambo moja tu. Hakuomba dhahabu wala safari. Alimwomba akae naye wanywe chai, kikombe kimoja, mpaka kiishe. Mungu aliwajalia binti na mwana, akawapa nyumba yenye uwanja nyuma, lakini kikombe hicho hakikupatikana. Kwa zaidi ya miaka thelathini mama alimwaga chai iliyopoa huku lango likibamizwa na mumewe anayetoka.

Baada ya kustaafu hali ilikuwa mbaya zaidi. Saa ya ukutani ilifunguliwa. Friji ikafunguliwa. Lango lilifunguliwa na kufungwa upya hadi likaanza kulia, ndipo likafunguliwa tena kutafuta kinacholia. Mwaka 2012 mama alimtuma binti yake alete kuku wa mayai, walau mzee apate cha kuhangaikia nje ya jiko lake. Binti akaja na kuku wa Brahma wanne, majike watatu na jogoo, wakubwa, wapole, wamejaa manyoya hadi vidoleni.

Marehemu aliwazunguka mara mbili. “Hawa ni kuku, au wameazima suruali?”

“Ni kuku, baba. Ila hawana haraka.”

Hilo la haraka ndilo lililomkera. Kuku wa Brahma huchelewa kukua, na hawa walipitisha mwezi baada ya mwezi bila yai. Marehemu alifunua kiota asubuhi, mchana na jioni. Mama alimwambia kwamba hajapata kuona mwanamume anayemhimiza kuku kama anayefuatilia spea kwenye bohari. Mayai yalipoanza kuja, ya kahawia na yenye kujaa mkono, alijisifu mtaa mzima utadhani ametaga yeye.

Kisha akafanya kosa ambalo fundi wa lifti peke yake angelifanya. Aliwatundikia fito za kulalia juu kabisa bandani. Kuku hawa ni wazito, hawaruki; uzio wa kufika gotini unawatosha. Walipanda kwa ngazi kwa taabu, na asubuhi walipojirusha chini walitua kwa kishindo, mmoja akaanza kuchechemea. Mtu mwingine angeshusha fito. Marehemu aliwajengea lifti. Ilikuwa na sanduku la mbao, kapi, kamba, na kipande cha chuma cha kusawazisha uzito, na kwa kweli ilifanya kazi, isipokuwa abiria wakishaingia hawakutaka kutoka. Walitagia humo humo. Mayai mawili yalipasuka safarini.

Siku moja jike mkubwa, mwenye shingo ya madoa, aliingia sandukuni likiwa chini akaanza kuatamia. Mama alipotoka nje alimkuta mumewe ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, mikono mitupu.

“Lifti imekwama?”

“Haijakwama. Abiria hataki kushuka, na nikimpandisha atavunja mayai.”

“Sasa wewe unafanya nini hapo?”

“Nasubiri.”

Mama alirudi ndani, akatoka na vikombe viwili na kigoda, akakaa akijizuia hata kukohoa asije akamshtua mumewe. Walikunywa chai. Ikaisha. Marehemu akanyoosha kikombe kuomba nyingine, na mama, kwa jinsi alivyosimulia mwenyewe, alijimiminia mkononi badala ya kikombeni. Kabla vifaranga hawajatotolewa fito zilikuwa zimeshushwa, na kukaa nyuma ya nyumba kukawa desturi. Kuku walimzoea wakawa wanampanda mapajani, wazito kama watoto wa mwaka mmoja. Wenzake wa zamani wakimpigia simu kutoka mjini alijibu, “Siwezi kuja, nimekaliwa.”

Mwaka 2022 alianza kuugua moyo, miguu ikavimba. Daktari alimwandikia dawa na mapumziko, dawa alizimeza. Alipolazwa mwezi Oktoba 2024, wauguzi walimkosa kitandani wakamkuta na gauni la wagonjwa mbele ya mlango wa lifti, sikio ukutani.

“Baba, rudi ukalale.”

“Binti yangu, lifti yenu inalia.”

Ilibainika kilicholia ni gurudumu la kitoroli cha chakula. Aliruhusiwa kurudi nyumbani, na miezi ya mwisho ilikuwa migumu, kwa maana miguu iligoma ila hamu ya kuondoka haikugoma. Alishika mikono ya kiti, akaachia, akashika tena. Hapo mama alimbeba jike mmoja na kumweka mapajani mwake, na ile mikono ikapata pa kukaa.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, walikaa nyuma ya nyumba kama kawaida. Mama alikuwa akimweleza juu ya paa la banda linalovuja, akaingia kwenye habari za jirani, akaenda mbali. Kuku alikuwa amelala mapajani. Mama anasema alifurahi sana moyoni, kwamba leo amesikilizwa mpaka mwisho bila mtu kuinuka. Alipogeuka kummiminia ya pili aliona ya kwanza haijaguswa.

Ameacha mjane, binti, mwana, mkwe mmoja, wajukuu wanne, dada yake mdogo, pamoja na kuku saba ambao familia imekubaliana hawatauzwa wala kuchinjwa. Na kuna jambo familia inawaomba. Tangu Jumatano mama hajakaa. Amefagia uwanja uliofagiliwa, ameosha vikombe visafi, na hata sasa mnamwona amesimama pale pembeni wakati viti vipo. Binti yake alipomsihi alijibu, “Nikikaa nitageuka kumtazama.” Kwa hiyo mtakapokuja kutoa pole msiishie langoni. Piteni hadi nyuma ya nyumba, ombeni chai, na msiinuke mpaka iishe. Mungu ampumzishe fundi wetu. Mke wake tutamkalisha sisi.