Mkato Upi Umfae Nabei

Pale Kanamkemer, ubavuni mwa kibanda cha cherehani, kuna benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Hapo tunakunywa kahawa na kuamua mambo ya dunia, hasa yale yasiyotuhusu. Juzi tulikuwa na jambo zito: Nabei, mke wa Ejore, anakwenda Eldoret kupunguzwa matiti. Uzito wa matiti hayo umemharibu mgongo, na kamba za sidiria zimemchimba mabega. Ejore alikaa katikati yetu, amechoka kuliko mgonjwa mwenyewe.

— Daktari amesema njia ni mbili, alieleza. Moja, wanakata kuzunguka chuchu, halafu mstari moja ya kushuka. Ingine, wanaongeza mkato huko chini, inakuwa kama nanga.

— Chukua ya kwanza! alisema Adome, fundi wa nguo tunayemwita Sindano. Kovu inakuwa kidogo. Mimi nikipunguza gauni, sifungui kila mahali.

— Gauni haina damu, wewe! Huyo ni Lokiru wa bodaboda, jina lake la utani Waziri, kwa kuwa hajawahi kukosa jibu. Mzigo kubwa inataka nanga, ndio watoe nyama mingi.

— Kwani hawawezi kuyainua tu? niliuliza.

— Hiyo ni kutoa ngozi peke yake, Ejore alisema. Uzito inabaki pale pale.

— Basi wakate kwa mgongo, Sindano alisema. Wavute ngozi kutoka nyuma, vile tunakaza turubai. Kovu atailalia, nani ataona?

— Ama wapunguze moja kwanza, mwili izoee.

— Waziri! Sindano alimkemea. Akirudi, apite barabara ya Kainuk akiwa ameinama upande moja?

Tulicheka. Ejore hakucheka.

— Usiku analia, alisema. Mimi nataka tu apone.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa Apajok, mama muuza vitenge kutoka Kakuma, akingoja nguo yake kwa Sindano.

— Ejok, wazee, alitusalimu kwa Kiturkana. Akishapasuliwa, ataruhusiwa kubeba kitu nzito?

— Hapana, Ejore alijibu. Wiki nyingi. Njia zote mbili.

— Sasa maji atachota nani?

Waziri alitazama pikipiki yake. Sindano alianza kutafuta uzi. Nami, kwa aibu, nilikunywa kutoka kikombe kitupu.

Ng'ambo ya barabara wanawake walikuwa wanarudi na maji, Nabei nyuma yao, dumu kichwani, mkono kiunoni. Ejore aliinuka, akavuka, akanyoosha mikono ampokee.

Nabei alikataa kumpa. Alidhani mumewe amelewa.