Mwalimu Napita, Aliyekaa

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Ongezeni sauti kidogo, na aliye jikoni apunguze moto, maana leo nina mtu wa kujivunia. Mwalimu Napita ametutoka. Ndiyo, Mwalimu Napita, aliyewafundisha Kiingereza watu wazima wa mji huu, jioni baada ya kazi, ametutoka.

Jina hilo alijitakia mwenyewe. Alikuwa kijana, anakwenda kuanza kazi ya ualimu mji mwingine kabisa. Ndani ya basi usingizi ukamchukua. Kuamka, kituo chake kimeshapitwa zamani. Akashuka hapa kwetu na sanduku lake, macho mekundu. Mwenye duka la vitabu akamwuliza, "Mwalimu, utakaa?" Akajibu, "Aa, mimi napita tu." Kesho yake akaombwa ashike darasa moja la watu wazima, mwalimu wao mgonjwa. Wiki ikaisha. Mwaka ukaisha. Akaoa. Kila akionekana sokoni watu wanamtania: "Napita, bado unapita?"

Kwao hawakucheka. Dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea, akiulizwa habari zake alijibu neno moja: "Kapotea." Mwisho akafunga safari kuja kumchukua. Akamkuta darasani, chumba cha nyuma ya karakana ya useremala, harufu ya gundi, watu wazima tumebanana kwenye mabenchi. Mimi nilikuwa benchi la mbele, kwa hiyo hili sikusimuliwa.

Ubaoni kulikuwa na neno moja la Kiingereza: "dwell". Mwalimu alikuwa anatueleza lilikotoka. "Leo ni kuishi mahali, kukaa. Lakini kwa Waingereza wa kale lilikuwa kumpoteza mtu njia. Baadaye likawa kuchelewesha, kukawia. Mwisho ndipo likawa kukaa."

Seremala akaguna. "Hawa Waingereza nao! Kupotea na kukaa wapi na wapi?"

"Wewe ukichelewa kurudi, mkeo anakuulizaje?"

"Ananiuliza, 'Mbona umekaa sana huko?'"

Darasa zima likaangua kicheko. Dada hakucheka. Akasema pale pale mlangoni, "Mdogo wangu, fungasha. Kwenu kupo. Hapa u mgeni, na mgeni hata apendwe vipi ana siku yake ya kuondoka."

Tulijua akiondoka, darasa limekufa. Mwalimu akaweka chaki chini. Akamshika dada yake mkono, akamsogeza ubaoni. "Dada, nilipotea, sikatai. Nikakawia. Sasa nakaa. Nitakuja kukusalimu kila mwaka, lakini nakaa hapa."

Jamani, nilijivunia mji wetu siku ile! Dada aliondoka amenuna, hata kuaga hakuaga. Na Mwalimu alitimiza ahadi. Kila mwaka alikwenda, na kila mwaka dada alimpikia, akamlaumu, akamfungashia vya njiani.

Juzi ndugu walikaa kuamua azikwe wapi. Mjane wake akasema, "Wifi aamue. Yeye ndiye aliyemlea." Tukaogopa, sitawaficha. Dada, sasa bibi mwenye mkongojo, akachungulia dirishani. Nje walijaa wanafunzi wa Mwalimu mpaka barabarani: wauguzi, madereva, mafundi, na mimi mtangazaji wenu. Akatazama weee. Kisha akasema, "Nilikuja kumchukua mara ya pili. Lakini mtu hachukuliwi kutoka kwake. Mzikeni hapa."

Wasikilizaji wapendwa, Mwalimu Napita anazikwa hapa. Kesho asubuhi, hapa kwetu.

Tunawapa pole mjane, watoto, na wote aliowafundisha. Na tutafakari: mtaani kwako yupo mtu aliyehamia zamani, na mpaka leo mnamwita wa kuja. Ungemwita jirani, ungepungukiwa nini?

Na wewe, dada mkubwa, najua redio ya pale sebuleni kwa wifi yako iko wazi. Pole sana, mama. Ulidhani umetuachia ndugu yako. Sisi tunasema umepata mji mzima wa ndugu. Usiulize basi la kurudi ni saa ngapi. Karibu kwenu.