Mnandula Unakwisha, Daktari

Mgeni rasmi, Daktari Theodora, mtafiti mkuu wa mimea dawa. Viongozi wa kijiji. Mama zetu na baba zetu, shikamooni.

MAKARIBISHO
Karibu tena Kitangari. Sisi wachimba dawa tumefurahi kukuona, ingawa, tusifichane, tumekukasirikia.

HISTORIA
Mti wa mnandula tumeurithi kwa bibi zetu. Mzizi wake huchemshwa kwa ajili ya mtoto mwenye mchango wa tumbo. Huchimbwa mzizi mmoja wa pembeni, shimo linafukiwa, mti unapumzishwa miaka miwili. Ulipokuja mwaka juzi tulikosea wenyewe: tuliona aibu kumpa mgeni mzizi wa pembeni, tukakung'olea mzizi mkuu. Watu wakatazama, wakajua huo ndio wenye nguvu.

MAFANIKIO
Tumepata fulana tano na picha ya pamoja. Basi.

CHANGAMOTO
Ukaenda redioni, ukasema maji ya mzizi huu yanazuia ngozi kuchakaa, tena yanapunguza weusi. Labda ulisema pia kwamba ni majaribio ya maabara tu. Huku lilifika neno moja: weupe! Pikipiki zikapanda kutoka Masasi na Nanganga, watu na mitarimbo yao, wakang'oa mpaka makaburini. Jamani! Mabel wa hapa hapa alijipaka unga mbichi wa mzizi, uso ukavimba, harusi yake ikaahirishwa. Nani alikwambia weusi wetu unatusumbua?

Mwezi uliopita Mama Cuthbert alitembea hadi Mnyambe kumtafutia mjukuu wake mzizi, akarudi mikono mitupu. Mtoto alitibiwa zahanati, hajambo, tunashukuru. Lakini bibi yake anauliza: "Mimi nimerithishwa mti. Nimrithishe nani shimo?"

MAOMBI
Rudi redioni, useme kwa Kiswahili chepesi kwamba mzizi mbichi unaumiza ngozi, na kwamba dawa ya weupe hujaithibitisha kwa mtu yeyote. Utuletee na mtaalamu wa kuotesha miche, maana mbegu tumezijaribu mara tatu, hazioti.

Kuhusu barua yako ya kuomba magunia mawili ya mizizi: imebaki miti mitatu. Tunaojua ilipo ni wanawake wanne, na tumeapa. Wewe, Daktari, tunakupenda. Chai ipo, mihogo ipo. Miti hatukuonyeshi.

Mungu akulinde njiani, akupe na moyo wa kusikia.

Ni sisi,
Kikundi cha Wanawake Wachimba Dawa, Kitangari.
Imesomwa na Bimdogo Sadallah, katibu.