Mlio Uliorudi kwa Sauti ya Chini

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, fundi wetu mkuu wa sauti anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kwenye makaratasi ya ofisi ana jina refu; sisi tumezoea kumwita Bi Kimya, kwa kuwa kila asubuhi neno lake la kwanza ni kututaka tunyamaze.

Alianza enzi za kanda, akizikata kwa wembe na kuziunga kwa utepe. Kompyuta zilipoingia, wengi wetu tulizizunguka kama mtu amkwepavyo nyoka aliyelala. Yeye alivuta kiti akakaa.

Kazi tutakayomkumbukia zaidi ilianzia nyumbani kwao. Kaka yake, mpiga gitaa wa studio yetu, alipenda kusimama mbele ya spika kubwa hadi sauti inayotoka humo iutikise uzi wa gitaa, uzi ulie tena, spika ipokee, na noti moja iendelee kuimba bila kuguswa. Daktari akamwambia achague: mlio ule au masikio yake. Kaka mtu akalifunga gitaa, akalisukuma uvunguni. Akawa mtu wa kushinda sebuleni, hata redio hataki.

Dada hakumhubiria. Alianza kuuunda mlio ule ndani ya kompyuta, uzi na spika vyote vikiwa hesabu tupu. Majaribio ya kwanza yalikuwa kioja. Kuna siku mhasibu aliusikia mlio akakimbilia jikoni kuepua birika ambalo halikuwapo motoni. Mara mlio ufe, mara upande ukawa mluzi. Alihangaika karibu mwaka mzima mpaka akabaini kwamba amesahau umbali: sauti huchukua muda kidogo kuufikia uzi, na mpigaji huuchezea muda huo kwa kusogea. Akaufunga muda huo kwenye pedali ya kukanyagwa, ili mguu uubadilishe badala ya mpigaji kusogea.

Siku alipomleta kaka yake studio na gitaa lake, sauti ya spika ilikuwa chini, kama ya watu wanaozungumza. Kaka akapiga noti moja, akakanyaga pedali taratibu. Noti ilififia, ikasita, kisha ikainuka yenyewe. Akaiacha iimbe.

“Mdogo wangu, linaniitikia,” alisema, akageukia ukutani. Sisi tulijifanya tunakunja waya.

Tangu hapo amerekodi nasi nyimbo nyingi, na masikio yake angali nayo.

Bi Kimya, ahsante kwa uvumilivu wako, na kwa kutucheka pale tulipostahili. Tunakutakia afya, pumziko jema, na watu wa kula nao chakula cha mchana bila haraka. Mlango wa studio unaujua, usibishe hodi.